Jinsi ya kujua nani ni nani kwenye wizara za Ujerumani, na barua yako iende kwa nani

Watu wetu wengi walioko Ujerumani, na wengine wako nyumbani wanahangaikia visa, wakibanwa na jambo la serikali ya huku wanamwandikia waziri. Barua ndefu, ya heshima zote, inatumwa Berlin, kimya, wiki zinapita, halafu linakuja jibu la nusu ukurasa limesainiwa na mtu ambaye hujawahi hata kumsikia, basi mtu anakata tamaa anasema wametudharau. Kiukweli hawajakudharau. Huyo aliyekujibu ndo mwenye faili, na ungemwandikia yeye tangu mwanzo ungeshajibiwa siku nyingi, tena kwa maelezo ya kutosha.

Mimi nasaidia kuandika barua za chama chetu huku, za watu binafsi pia, na kila mara narudia maelezo yaleyale kwa mdomo, kwa hiyo leo nayaweka yote hapa, wizara za serikali ya shirikisho zimepangwaje, vyeo vyake, na namna ya kusoma ile chati yao mpaka ufike kwenye kisanduku kinachokuhusu.

Kwanza hakikisha jambo lako ni la Berlin kweli

Hapa ndo watu wanapopotea zaidi kuliko pengine popote. Ujerumani ni shirikisho la majimbo 16, kila jimbo lina bunge lake, serikali yake na mawaziri wake, yani kuna waziri wa mambo ya ndani wa shirikisho na kuna wengine 16 wa majimbo. Na katiba yao ya 1949, kifungu cha 83, inasema sheria za shirikisho kwa kawaida zinatekelezwa na majimbo. Maana yake wizara Berlin inaandaa sheria ya ukaazi, lakini ofisi ya wageni inayokaa na pasipoti yako, ile Ausländerbehörde, ni ya mji au wilaya unayoishi na mkubwa wake ni serikali ya jimbo. Ukimwandikia waziri wa shirikisho kwamba kibali chako kimechelewa Stuttgart atakujibu kwa upole kabisa kwamba hana mamlaka, na hakudanganyi.

Chukua mfano wa dada nesi, wa Mombasa au wa Moshi, anataka kuja kufanya kazi hospitali ya huku. Visa anaombea ubalozini, na ubalozi uko chini ya wizara ya mambo ya nje, Auswärtiges Amt. Sheria yenyewe inayosema nani aingie na nani asiingie iko mikononi mwa wizara ya mambo ya ndani, BMI. Idhini ya kufanya kazi inatolewa na shirika la ajira, Bundesagentur für Arbeit, makao makuu Nürnberg, ambalo linaangaliwa na wizara ya kazi, BMAS. Cheti chake cha unesi kinatambuliwa na ofisi ya jimbo anakokwenda kufanya kazi, hapo Berlin haimo. Akishafika, kibali chake anakishughulikia na Ausländerbehörde ya mji. Mtu mmoja, safari moja, milango mitano, na miwili kati ya hiyo waziri wa shirikisho hana amri nayo ya moja kwa moja. Ule mkataba wa Kenya na Ujerumani wa wafanyakazi uliosainiwa Berlin Septemba 2024, Rais Ruto na Kansela Scholz, mkuu wa serikali wa wakati huo, wakiwepo, watu wengi walidhani sasa kutakuwa na ofisi moja inayomaliza kila kitu, hapana, milango ni ileile.

Na kama ishu yako ni visa iliyokataliwa, jua kitu kimoja: zamani ulikuwa unaandika barua ya kupinga hapohapo ubalozini, walikuwa wanaiita Remonstration, huo utaratibu umefutwa dunia nzima tangu tarehe 1 Julai 2025. Sasa ni kuomba upya au kufungua kesi mahakama ya utawala ya Berlin. Kumwandikia waziri hakurudishi ile njia ya zamani.

Kuna kundi lingine katikati, zile ofisi kubwa ambazo sio wizara ila ziko chini ya wizara. BAMF ya Nürnberg inayoshughulika na maombi ya hifadhi na kozi za ujumuishaji iko chini ya wizara ya mambo ya ndani. Engagement Global ya Bonn, ambayo vyama vyetu vingi vinaombea fedha za miradi ya nyumbani, inafanya kazi kwa niaba ya wizara ya ushirikiano wa maendeleo, BMZ. Kesi yako binafsi iko kwenye hizo ofisi, sio wizarani. Wizara inashughulika na kanuni, bajeti na usimamizi. Ukitaka kulalamikia faili lako anza na ofisi yenye faili, ukitaka kulalamikia kanuni yenyewe au namna ofisi inavyoitumia kwa watu wote, hapo sasa ndo wizarani.

Wizara ziko ngapi na nani anaziamua

Mpaka naandika hivi ziko 16, mbali na ofisi ya Kansela yenyewe. Huu ni mpangilio wa serikali ya Friedrich Merz iliyoingia tarehe 6 Mei 2025. Kansela anaamua mwenyewe wizara ziwe ngapi na kila moja ishike nini, anatoa waraka wake basi, haihitaji kura ya bunge. Merz alianzisha wizara mpya ya digitali na kuboresha utendaji wa serikali, elimu akaitoa ilipokuwa akaiunganisha na familia, utafiti ukapewa na mambo ya anga za juu. Kwa hiyo anwani uliyopewa na rafiki 2023 unaweza kukuta wizara ya jina hilo haipo tena na kitengo chenyewe kimehamishiwa jengo lingine kabisa. Usiandike kwa mazoea, fungua tovuti ya wizara siku hiyohiyo unayoandika.

Waziri anapendekezwa na Kansela na anateuliwa na Rais wa shirikisho. Hakuna kuhojiwa bungeni kama mawaziri wa Kenya wanavyohojiwa, na sio lazima awe mbunge kama ilivyo Tanzania, Boris Pistorius alipopewa ulinzi Januari 2023 hakuwa mbunge wa Bundestag, yani bunge la shirikisho, alitokea serikali ya jimbo la Niedersachsen.

Halafu kuna kifungu cha 65 cha katiba, hiki kishike vizuri maana kinaeleza mengi. Kansela anatoa mwelekeo wa jumla wa siasa ya serikali. Ndani ya huo mwelekeo kila waziri anaiendesha wizara yake mwenyewe kwa dhamana yake mwenyewe. Na mawaziri wawili wakigongana, baraza zima linaamua. Ukielewa hapo utaelewa kwa nini barua ya "Mheshimiwa Kansela tusaidie" haifiki mbali, Kansela hana kawaida ya kunyoosha mkono ndani ya wizara ya mwenzake akamwagiza afisa afanye hivi au vile. Ofisi yake ina vitengo vinavyofuatilia kila wizara, kimoja kwa wizara hii kingine kwa ile, na barua yako itasomwa kule halafu ipelekwe wizara husika. Umeongeza kituo kimoja tu njiani.

Viongozi wa juu

Ukifungua chati ya wizara yoyote, Organigramm wanaiita, karibu zote zipo mtandaoni kama pdf, juu kabisa katikati kuna kisanduku cha waziri. Pembeni yake kuna aina mbili za watu ambao majina ya vyeo vyao yanafanana sana na kazi zao hazifanani hata kidogo, hapa nisomee taratibu.

Wa kwanza ni Parlamentarische Staatssekretäre. Hawa ni wabunge. Cheo kilianza 1967, kazi yao kumsaidia waziri upande wa siasa, kujibu maswali bungeni, kumwakilisha kwenye mikutano, kupokea wageni. Mtanzania akifikiria naibu waziri atakuwa amekaribia sana. Wizara ya mambo ya nje na ofisi ya Kansela wanaitwa Staatsminister, usichanganyikiwe ukaona kuna mawaziri wengi wizara moja, ni cheo hichohicho kwa jina kubwa.

Wa pili ni beamtete Staatssekretäre, hawa sio wanasiasa wa bungeni, ni watumishi wa umma wa ngazi ya juu kabisa, mshahara daraja la B 11. Huyu ndo katibu mkuu wetu. Yeye ndo anaiendesha wizara kila siku, mafaili yote mazito yanapita kwake kabla hayajafika kwa waziri, wizara ikiwa kubwa wanakuwa wawili au zaidi wanagawana idara. Jumatatu makatibu wakuu wa wizara zote wanakutana ofisi ya Kansela kuandaa kikao cha baraza la mawaziri cha Jumatano, na mambo mengi yanakuwa yamekwisha hapo, kikao cha mawaziri kinakuja kupitisha tu. Mimi ukiniuliza nani mwenye nguvu kwenye wizara ya Ujerumani baada ya waziri nitakwambia ni huyu, na watu wetu hawamjui kabisa, wanakimbilia kupiga picha na mbunge.

Sasa chama chenu kinamwalika nani kwenye sherehe ya uhuru? Yule mbunge, Parlamentarischer, ndo kazi yake hiyo na atakuja akipata nafasi. Chama chenu kina hoja nzito ya kiutendaji, mfano fedha za mradi zimekwama kwa sababu kanuni mbili zinapingana? Hapo unapitia chini, na ikishindikana ndo inapanda mpaka kwa katibu mkuu.

Kitu kingine cha kujua kuhusu katibu mkuu, na mkuu wa idara aliye chini yake, ni kwamba wanaitwa watumishi wa kisiasa, sheria ya utumishi inaruhusu wapumzishwe wakati wowote bila kutajiwa sababu, wanapelekwa kwenye mapumziko ya muda na malipo yao. Serikali ikibadilika viti hivi ndo vinavyotikisika. Wa chini yao kwa kawaida hawaguswi. Mwezi wa kwanza wa serikali mpya usitegemee uamuzi wowote wa maana kutoka juu, ila kitengo kinaendelea na kazi kama kawaida, waandikie tu.

Idara, na kile kitengo ambacho ndo moyo wa wizara

Chini ya viongozi chati inashuka kwa safu. Kila safu ni Abteilung, sisi tuseme idara. Mkuu wake ana cheo cha Ministerialdirektor, daraja B 9. Idara ikiwa kubwa inagawanywa tena kwenye idara ndogo, mkuu wake Ministerialdirigent, B 6. Na chini kabisa vile visanduku vidogo vingi vilivyobanana, hivyo ndo Referate, vitengo, mkuu wake mara nyingi ni Ministerialrat.

Kanuni za pamoja za wizara za shirikisho, wanaziita GGO, zinasema wazi kabisa kwamba nguzo ya wizara ni kitengo, na kitengo ndo chenye uamuzi wa kwanza kwenye kila jambo kilichopangiwa. Uamuzi wa kwanza, jamani. Sio waziri. Barua yoyote ikiingia, hata ikiwa imeandikwa jina la waziri kwa herufi za dhahabu, masijala inaangalia inahusu nini inaishusha kwenye kitengo chake. Kitengo kinaandaa jibu. Kama jambo ni dogo kinajibu chenyewe. Kama ni zito kinaandika dokezo linapanda, mkuu wa kitengo, mkuu wa idara ndogo, mkuu wa idara, katibu mkuu, waziri, kila mmoja anaweka alama yake, halafu linashuka kwa njia ileile.

Na hizo alama zina rangi zake, na rangi zimeandikwa kwenye kanuni. Waziri anaandika kwa kijani. Katibu mkuu nyekundu. Yule mbunge zambarau. Mkuu wa idara bluu. Rangi ya cheo chako hakuna mwingine wizarani anaruhusiwa kuigusa, mtu akilifungua faili baada ya miaka mingi anajua aliyekataa alikuwa katibu mkuu na aliyeweka alama ya kuuliza pembeni alikuwa mkuu wa idara bila hata kusoma saini. Mimi hili linanivutia sana kwa sababu linaonyesha jinsi wanavyoamini karatasi. Jambo lako lisipokuwa kwenye karatasi halipo. Ulichoongea kwa simu na afisa, hata awe mtu mwema kiasi gani, kama hakuna maandishi hakipandi kwa mtu yeyote, kwa hiyo baada ya simu andika imeili fupi ya mistari mitatu, tumeongea leo, umeniambia hivi, nashukuru. Hiyo ndo itaingia kwenye faili.

Ndani ya kitengo kuna mkuu, kuna maafisa wa juu wenye shahada wanaitwa Referenten, na kuna Sachbearbeiter ambao wanashika mafaili yenyewe. Heshimu sana huyu wa mwisho. Ndo anayejua faili liko wapi.

Kuisoma chati bila kuogopa

Chati inatisha kwa vifupisho tu. Ukikuta MD au MinDir mbele ya jina ni mkuu wa idara, MDg au MinDirig ni mkuu wa idara ndogo, MR au MinR ni mkuu wa kitengo, RD ni ngazi moja chini ya hapo na anaweza naye kuongoza kitengo. Kikifuatiwa na 'in au n kidogo, mfano MR'in, huyo ni mwanamke, muhimu ukiandika salamu ya barua usije ukamwita mama Herr, yani bwana. Ukikuta N.N. maana yake kiti kiko wazi, andikia kitengo bila jina.

Wizara ya mambo ya nje wana vyeo vyao vya kibalozi, mkuu wa kitengo utamkuta ameandikwa VLR I. Ulinzi kumechanganyika wanajeshi na raia, kitengo kinaweza kuongozwa na kanali.

Namba za vitengo kila wizara ina mtindo wake. Mambo ya ndani wanatumia herufi, ya uhamiaji ni M, kwa hiyo M ikifuatwa na namba ni kitengo ndani ya idara ya uhamiaji. Fedha wanatumia namba za Kirumi, idara ya IV ni kodi. Idara yenye herufi Z karibu kila mahali ni ya utawala wa ndani, wafanyakazi, bajeti, majengo, huko hakukuhusu labda unaomba kazi.

Usianze kusoma kutoka juu. Bonyeza sehemu ya kutafuta kwenye pdf uandike neno la jambo lako kwa Kijerumani, Afrika, Fachkräfte (wataalamu), Visa, Rückkehr (kurudi), Kultur (utamaduni), chochote, uone linatokea kwenye visanduku vingapi. Likitokea kwenye viwili soma na jina la idara iliyo juu yake, ndo itakwambia kipi kinashughulika na kanuni na kipi na nchi. BMZ kwa mfano kuna vitengo vya nchi na kanda na kuna vitengo vya mada kama afya au maji, mradi wa visima Dodoma unaweza kugusa vyote viwili, anza na cha nchi.

Angalia pia kitengo kiko mji gani. Bunge lilipopiga kura tarehe 20 Juni 1991 kuhamia Berlin, kura 338 kwa 320, waliwaahidi watu wa Bonn kwamba hawataachwa mikono mitupu, na sheria ya 1994 ikabakiza wizara kadhaa makao makuu yake Bonn, ulinzi, afya, kilimo, mazingira, BMZ, na zile zilizohamia Berlin nazo zina ofisi Bonn. Mpaka leo afisa unayemtafuta anaweza kuwa Bonn wakati waziri wake anaonekana kwenye taarifa ya habari Berlin kila siku. Simu inayoanza na 0228 ni Bonn, 030 ni Berlin. Usije ukapanda treni masaa mengi kwenda kwenye jengo ambalo mtu wako hayupo.

Kuandika sasa

Juu weka jina la wizara, chini yake neno Referat na namba yake, halafu anwani. Kama ni imeili na kitengo hakina anwani yake mtandaoni, tuma kwenye anwani ya jumla ya wizara lakini kwenye kichwa cha habari taja kitengo, masijala watakushukuru. Salamu kama hujui jina ni Sehr geehrte Damen und Herren, inatosha, haimchukizi mtu.

Mstari wa kwanza sema unataka nini. Najua kwetu sio adabu kuanza na shida kabla ya kujuliana hali, mtu anaona aibu, lakini huku afisa anayesoma barua nyingi kwa siku anatafuta ombi lako liko wapi na kama liko ukurasa wa pili kuna hatari jibu likaja la kitu kingine. Ombi, halafu sababu, halafu viambatanisho. Swali moja barua moja. Ukichanganya visa ya mdogo wako, mradi wa shule na malalamiko ya ubaguzi kwenye barua moja itabidi isambazwe vitengo vitatu vya wizara tatu, na kila kimoja kinasubiri mwenzake.

Jibu likija usikimbilie kusoma mwili wa barua, soma kingo zake kwanza. Juu pembeni kuna GZ au Aktenzeichen, hiyo ndo Kumb. Na. yetu ileile, na mara nyingi ndani yake kuna namba ya kitengo. Kuanzia hapo kila unachoandika weka hiyo namba na barua yako itatua mezani bila kuzunguka. Chini angalia saini. Ikiwa imeandikwa Im Auftrag, amesaini afisa wa kitengo au idara kwa niaba ya wizara, hiyo ndo kawaida. Ikiwa In Vertretung, amesaini katibu mkuu mwenyewe, jambo lako limepanda mpaka juu kabisa. Waziri akisaini haongezi neno lolote. Nimeona barua ya mama mmoja wa huku kwetu alikuwa anaiona ni ya kumfukuza tu, kumbe imesainiwa In Vertretung, yani katibu mkuu ameisoma na kuikubali hoja yake nusu, ilikuwa ni ya kushikilia na kuendelea nayo.

Chama kitafute sheria ikiwa bado mbichi

Hii ni kwa viongozi wa vyama. Muswada wa serikali ya shirikisho unaanzia kwenye kitengo. Rasimu ya kwanza inaitwa Referentenentwurf, rasimu ya wale maafisa niliowataja. Wizara moja inashika usukani, zingine zinazoguswa lazima ziweke saini zao, wizara ya sheria inaukagua kisheria, na kabla haujaenda baraza la mawaziri wanatakiwa wapeleke kwa majimbo na kwa vyama vya watu wanaoguswa watoe maoni. Hapo ndo pa kuingia. Ukishapita baraza la mawaziri unakwenda kwanza Bundesrat, baraza la majimbo, lina wiki sita kwa kawaida za kutoa maoni, ndo unafika Bundestag, na wakati huo kubadilisha sentensi moja ni vita.

Vyama vyetu vinaamka muswada ukiwa tayari kwenye taarifa ya habari. Inaniuma kwa sababu hoja tunazo, nesi anajua kuliko afisa yeyote wapi cheti chake kilikwama. Tafuteni kitengo kinachoshika sheria inayowahusu, kiandikieni mjitambulishe kama chama, ombeni muwekwe kwenye orodha ya wanaotumiwa rasimu. Sio lazima wakubali, lakini vyama vya Wajerumani wenyewe vinafanya hivyohivyo. Kama mnafanya ushawishi mara kwa mara angalieni pia sheria ya rejista ya washawishi iliyoanza 2022, kuna masharti ya kujiandikisha.

Na kuna jambo moja kubwa la nyumbani linalopitia humuhumu. Rais Steinmeier aliomba msamaha Songea Novemba 2023 kwa yaliyotendeka wakati wa Maji Maji, na watu wengi wanauliza mabaki ya wazee wetu na vitu vilivyochukuliwa vinafuatiliwa wapi. Rais wa huku haendeshi wizara, hawezi kuagiza. Kwa upande wa serikali jambo hili liko kwa ofisi ya utamaduni iliyo chini ya Kansela na kwa wizara ya mambo ya nje, na sehemu ya makusanyo ya Berlin iko kwa taasisi ya urithi wa Prussia ambayo shirikisho na majimbo yote 16 wanaiendesha kwa pamoja. Ukoo unaotaka kuandika uandike kwa hao, sio ikulu ya Rais peke yake, na nakala kwa ubalozi wa Tanzania Berlin ili serikali yetu nayo iwe na kumbukumbu.

Wakikaa kimya

Subiri mwezi, kumbusha kwa namba ya kumbukumbu, kumbusha tena. Kuna njia mbili za kisheria ambazo hazikuulizi uraia wako. Sheria ya uhuru wa taarifa, IFG, iliyoanza tarehe 1 Januari 2006, inampa mtu yeyote haki ya kuomba nyaraka za ofisi za shirikisho, wanatakiwa wajibu ndani ya mwezi mmoja, taarifa nyepesi ni bure na kazi kubwa wanaweza kukutoza mpaka euro 500, kwa hiyo omba waraka unaoujua na uwaombe wakuambie gharama kabla hawajaanza. Chati ya wizara na mgawanyo wa kazi za vitengo ukikosekana mtandaoni uombe kwa njia hiyohiyo.

Ya pili ni kifungu cha 17 cha katiba, kila mtu, peke yake au na wenzake, ana haki ya kupeleka maombi au malalamiko kwa maandishi kwa ofisi husika na kwa bunge. Kamati ya maombi ya Bundestag ikilipokea lako inaiandikia wizara kutaka maelezo, na wizara inalazimika kutoa. Ambatanisha barua zote, zako na zao, kwa mpangilio wa tarehe, na kwenye ukurasa wa kwanza andika ile GZ na namba ya kitengo, maana maelezo yatakayotoka wizarani kwenda bungeni yataandaliwa na kitengo hichohicho ulichokuwa unakiandikia.